RANGI INAYOWAKA NDANI YA UTUMBO

Maelezo kwa wakazi wa makazi ya wakimbizi na kwa ndugu zao walioko Nateete, Kampala



Mgonjwa wa tumbo anapotumwa Kampala kutoka Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali, mara nyingi hufikia kwa jamaa. Baadhi ya jamaa hao wanaishi Nateete, upande wa Rubaga, pale basi la Mbarara linapopita likiingia mjini kwa barabara ya Masaka. Huko mgonjwa husikia habari nyingi kuhusu vipimo vya hospitali. Moja ya habari hizo ni hii: kwamba kuna dawa ya rangi ambayo daktari humpa mgonjwa, kisha huwasha taa maalumu, na saratani (yaani kansa) huwaka ndani ya tumbo kama kaa la moto.

Wengine wanaisikia habari hii na kupata tumaini. Wengine wanaogopa kwamba rangi hiyo ni sumu. Na wengine wanaamua kutokwenda kupimwa kabisa mpaka wapate hospitali yenye taa hiyo. Katika karatasi hii tunaeleza jambo lenyewe lilivyo, ili kila mtu aamue akiwa na maarifa.

JIBU KWA UFUPI

Ni kweli kwamba rangi hizo zipo. Zinamsaidia daktari kuona sehemu ya utumbo ambayo si ya kawaida na ambayo jicho lingeweza kuipita. Lakini rangi inaonyesha mahali tu. Haisemi ni ugonjwa gani. Kinachotoa jibu ni kipande kidogo cha nyama kinachokatwa mahali hapo na kupimwa kwa darubini katika maabara. Kazi hiyo ya kukata na kupima inafanyika Kampala leo, hata bila taa maalumu. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu mwenye dalili kungoja.

KWA NINI UTUMBO MPANA NI MGUMU KUCHUNGUZA?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Una urefu wa karibu mita 1.5. Kazi yake ni kunyonya maji kutoka katika mabaki ya chakula na kuyafanya kuwa choo kikubwa. Ndani yake una mikunjo mingi na kona, kama shati lililokunjwa bila kupigwa pasi.

Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida haianzi kwa ghafla. Huanza kama kinundu kidogo kiitwacho polipu. Polipu nyingine zina shina kama uyoga, na hizo ni rahisi kuonekana. Nyingine zimelala bapa juu ya ngozi ya utumbo na rangi yake inafanana na ngozi hiyo. Polipu nyingi hazileti madhara. Chache hubadilika polepole na kuwa saratani, na mabadiliko hayo huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Muda huo ni nafasi ya kumwokoa mtu: polipu ikionekana mapema na kuondolewa, saratani haipati pa kuanzia.

Chombo kinachotumika kutazama ndani ya utumbo mpana kinaitwa kolonoskopi. Ni mpira mrefu, mwembamba na unaopinda, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha. Daktari huuingiza kupitia njia ya haja kubwa na kutazama picha kwenye kioo kama cha televisheni. Kupitia mpira huohuo anaweza kuingiza koleo dogo la kukata kipande cha nyama, au waya wa kuondoa polipu nzima.

Hata hivyo jicho la daktari mzuri nalo hupitwa. Watu wanapochunguzwa mara mbili mfululizo, polipu 1 kati ya 4 au 5 huwa haikuonekana mara ya kwanza. Nyingi kati ya hizo ni ndogo au bapa. Hii ndiyo sababu ya wataalamu kutafuta rangi itakayofanya kilichojificha kijitokeze.

RANGI INAWAKAJE?

Wengi wenu mmewahi kuona jambo hili bila kulifikiria. Ukipeleka noti ya dola kwenye duka la kubadilisha fedha, mwenye duka huiweka chini ya taa ya zambarau. Uzi uliofichwa ndani ya noti halali huwaka. Uzi huo hauna moto wala betri. Unapokea mwanga wa aina moja, ambao jicho halioni vizuri, na kuutoa tena kama mwanga wa rangi nyingine. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hufanya vivyo hivyo ndani ya ukumbi wa disko.

Rangi za hospitali zinafuata njia hiyohiyo. Mgonjwa hupewa rangi kwa kunywa, kwa kuchomwa sindano ya mshipa, au kwa kunyunyiziwa ndani ya utumbo. Rangi hukusanyika zaidi katika sehemu fulani za mwili kuliko nyingine. Kisha daktari hubadilisha taa ya kolonoskopi kutoka mwanga mweupe kwenda mwanga wa buluu au mwanga mwingine unaofaa rangi hiyo. Sehemu iliyokusanya rangi huonekana iking'aa kwenye kioo. Taa hiyo haiunguzi utumbo, na si eksirei.

AINA ZA RANGI

Rangi hizi si za aina moja. Ni vizuri kuzitofautisha, kwa sababu kila moja ina kazi yake na tahadhari zake.

(a) Dawa inayogeuzwa kuwa rangi na mwili wenyewe. Inaitwa asidi ya aminolevulini. Mwili wetu huitumia kila siku katika kutengeneza sehemu nyekundu ya damu. Mtu akinywa kiasi kikubwa, chembe hai za mwili huigeuza kuwa kitu kinachotoa mwanga mwekundu kikimulikwa na taa ya buluu. Chembe za saratani huchelewa kukimaliza kitu hicho, hivyo kinajaa ndani yake na kung'aa zaidi. Dawa hii iliruhusiwa Ulaya mwaka 2007 kwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo. Kwa utumbo mpana, madaktari wa Regensburg nchini Ujerumani waliijaribu kwa wagonjwa wenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Haijawa kipimo cha kawaida cha utumbo. Anayepewa dawa hii ya kunywa hutakiwa kukaa mbali na jua kali na taa kali kwa siku moja au mbili, kwa sababu ngozi yake inaweza kuungua.

(b) Fluoresini. Ni rangi ya manjano inayochomwa kwenye mshipa. Madaktari wa macho wameitumia kwa miaka mingi kutazama mishipa ya nyuma ya jicho. Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani walionyesha kwamba, pamoja na kolonoskopi yenye darubini ndogo sana kwenye ncha, rangi hii inaweza kumwonyesha daktari chembe za utumbo mgonjwa akiwa bado kitandani. Baada ya sindano ngozi hugeuka manjano kidogo kwa saa kadhaa, na mkojo huwa wa manjano kali kwa siku moja hivi. Hilo si homa ya manjano wala ugonjwa wa ini. Wachache hupata kichefuchefu, na mara chache sana mtu hupata mzio mkali.

(c) Indosianini ya kijani. Ni rangi ya zamani. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1959. Mwanga wake jicho haliuoni, ila kamera maalumu huugeuza kuwa rangi ya kijani kwenye kioo. Daktari wa upasuaji akishakata sehemu mbovu ya utumbo, huitumia kuhakikisha kwamba ncha mbili anazotaka kuziunga zinapata damu ya kutosha. Ncha isiyopata damu haiungi vizuri, na kuvuja kwa utumbo ni hatari kubwa. Mwenye mzio wa iodini lazima aseme kabla ya kupewa rangi hii.

(d) Rangi iliyofungwa kwenye kitu kinachoitafuta saratani. Hii ndiyo aina mpya. Wataalamu hufunga rangi kwenye kingamwili au kwenye kipande kidogo cha protini ambacho hushikana na alama zinazopatikana kwa wingi kwenye chembe zisizo za kawaida. Ni kama barua yenye anwani: inapita nyumba nyingi na kusimama kwenye mlango unaotajwa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 15 wenye hatari kubwa ya kupata saratani ya utumbo. Rangi ilionyesha polipu walizoziona madaktari kwa mwanga mweupe, na nyingine ambazo hawakuziona. Vyuo vikuu vya Groningen na Leiden nchini Uholanzi vimefanya kazi kubwa katika jambo hili. Lakini majaribio ya namna hiyo huhusisha watu wachache, na bado aina hii si huduma ya kila siku ya kuchunguza utumbo.

KINACHOWAKA SI LAZIMA KIWE SARATANI

Hapa ndipo habari za mtaani zinapokosea zaidi. Watu husema, "Ikiwaka ni kansa, isipowaka umepona." Yote mawili si sahihi.

Kwanza, utumbo wenye uvimbe wa maambukizi nao unaweza kukusanya rangi. Kwa watu wetu hili ni jambo kubwa. Wengi wameishi mahali penye amiba, kuhara damu na kichocho. Ndugu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, hasa wale wengi waliotua Sebagoro mwaka 2018 na kupelekwa Kyangwali, wamepita katika eneo lenye kichocho cha matumbo kwa wingi. Mayai ya kichocho hukwama katika ukuta wa utumbo, huleta vidonda na damu, na wakati mwingine hujenga vinundu vinavyofanana na polipu. Kifua kikuu nacho kinaweza kushika utumbo na kufanana na saratani machoni pa daktari. Magonjwa hayo yana dawa zake. Kichocho kinatibiwa kwa prazikwanteli, na kifua kikuu kwa dawa zake za miezi mingi. Ingekuwa msiba mtu kuambiwa ana saratani kwa sababu ya mng'ao tu, kumbe ana ugonjwa wa kutibika kwa vidonge.

Pili, mabaki ya chakula yanaweza kung'aa. Kitu kinachoyapa majani ukijani wake hutoa mwanga mwekundu kikimulikwa na taa ya buluu. Mtu aliyekula sombe au dodo na hakusafisha utumbo vizuri anaweza kumpotosha daktari.

Tatu, saratani nyingine hazichukui rangi ya kutosha, au zimejificha nyuma ya mkunjo ambako taa haifiki. Kutowaka si hati ya kupona.

Ndiyo maana kila daktari makini akiona sehemu yenye mashaka, iwe imewaka au haikuwaka, hukata kipande kidogo. Kukata huko hakuumi, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia ya kukatwa. Kipande huwekwa katika dawa ya kukihifadhi, hupelekwa maabara, na mtaalamu hukitazama kwa darubini. Majibu huchukua siku kadhaa au wiki kadhaa.

JE, VIPIMO HIVI VIPO KAMPALA?

Kolonoskopi hufanyika katika Hospitali ya Mulago, na pia katika baadhi ya hospitali za misheni na za binafsi mjini. Kwa kawaida hutumia mwanga mweupe. Matibabu ya saratani yana kituo chake, Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 hapohapo katika kilima cha Mulago. Rangi mpya za kutafuta saratani tulizotaja katika (d) ni za utafiti wa ng'ambo. Ukiambiwa na mtu mtaani kwamba ana "mashine ya mwanga" inayoonyesha saratani ya tumbo kwa kumulika kitovu au kiganja, usimpe fedha zako. Taa ya kuchunguza utumbo lazima ifike ndani ya utumbo, mkononi mwa daktari aliyesomea kazi hiyo.

Wengine hudhani saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hii ina historia yake hapahapa Uganda. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na baadaye kufanya kazi Mulago, aliona kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra sana kwa watu wa vijijini. Katika makala yake ya mwaka 1971 alieleza kwamba chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi, kama vile nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga, huenda ndicho kilichowakinga.

Lakini mambo yamebadilika. Idara ya patholojia ya Makerere imekuwa ikiandikisha wagonjwa wa saratani wa kaunti ya Kyadondo tangu miaka ya 1950. Kyadondo ni pamoja na jiji la Kampala, na Nateete imo. Orodha hiyo imeonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana imekuwa ikiongezeka. Na katika nchi zetu ugonjwa huu huonekana pia kwa watu wa miaka 30 na 40. Kwa hiyo mtu asijiambie, "Mimi ni kijana," au "Mimi ni Mwafrika, hainihusu."

DAMU KATIKA CHOO: USINGOJE

Damu katika choo ina sababu nyingi. Nyingi si saratani: bawasiri, mchubuko, amiba, kuhara damu, kichocho. Tatizo linakuja pale mtu anapotibiwa minyoo mara tatu au nne, damu inarudi, na hakuna anayeuliza tena.

Nenda kituo cha afya ukiona mambo haya:

- damu katika choo inayoendelea au inayorudi baada ya matibabu;
- choo cheusi kama lami, nawe hunywi vidonge vya madini ya chuma;
- kubadilika kwa haja kubwa kwa zaidi ya wiki 3, yaani kuhara au kufunga choo bila sababu inayojulikana;
- kuhisi kwamba choo hakijaisha ingawa umeshakwenda;
- kukonda, uchovu mwingi au kupungukiwa damu;
- uvimbe unaogusika tumboni.

Choo kikifunga kabisa pamoja na tumbo kujaa na kutapika, hiyo ni dharura. Usilale nyumbani.

Kama mzazi wako, kaka au dada aliugua saratani ya utumbo, mwambie mhudumu wa afya hata kama huna dalili.

Walioko Nateete wanaweza kuanzia kituo cha afya cha serikali kilichopo Kitebi, katika divisheni hiyohiyo ya Rubaga. Walioko kwenye makazi waanzie kituo chao na waombe barua ya rufaa. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali vya Uganda havitozi ada ya mgonjwa wa kawaida, isipokuwa wodi za kulipia. Hata hivyo vipimo vingine vinaweza kukosekana na mgonjwa akaambiwa akavifanye nje kwa fedha. Uliza gharama mapema, na uwaulize wahudumu wa shirika linalosimamia afya katika makazi yako kama rufaa yako inagharamiwa.

Mwambie daktari ukweli wote: damu ilianza lini, ni nyekundu au nyeusi, umetumia dawa gani, na umewahi kuishi kando ya ziwa gani. Usione haya. Mama anayeona aibu kumwambia daktari mwanamume anaweza kuomba kuzungumza na muuguzi mwanamke. Kama hujui Kiganda wala Kiingereza, omba mkalimani mtu mzima unayemwamini. Mtoto asiwe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake. Na ukibanwa, kumbuka neno moja la Kiganda: damu ni "omusaayi".

UKIPANGIWA KOLONOSKOPI

Utumbo lazima uwe safi. Bila usafi, hata taa bora haioni kitu. Fuata maelekezo ya hospitali yako kwanza. Kwa kawaida huwa hivi:

1. Siku chache kabla, acha vyakula vyenye mbegu, maganda na majani mengi. Huu ni muda mfupi tu. Baadaye rudi kwenye mboga zako.

2. Siku ya kuamkia kipimo, tumia vinywaji vyepesi tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Usinywe juisi nyekundu, kwani inaweza kufanana na damu.

3. Utapewa dawa ya kusafisha tumbo pamoja na maji mengi. Utakwenda chooni mara nyingi, pengine usiku kucha. Hapa wageni wa Nateete wanapata shida, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga ni chumba kimoja na choo ni cha wapangaji wote. Panga mapema. Zungumza na mwenyeji wako na majirani, pata ufunguo wa choo, weka ndoo ya maji na tochi tayari. Kama haiwezekani, mweleze muuguzi. Uliza kama unaweza kusafishwa hospitalini.

4. Mweleze daktari kama una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, mimba au mzio wowote. Taja dawa zote, hasa za kuyeyusha damu na vidonge vya madini ya chuma. Usiache dawa kwa kujiamulia mwenyewe.

5. Nenda na mtu. Ukipewa dawa ya usingizi hutakiwi kurudi peke yako kwa bodaboda. Siku hiyo usibebe mtoto mgongoni, usipike juu ya moto mkubwa, wala usitie saini karatasi za maana.

Kujaa gesi tumboni baada ya kipimo ni kawaida. Lakini rudi hospitali mara moja ukipata maumivu makali yasiyoisha, tumbo gumu, homa, au damu nyingi. Mara chache sana utumbo unaweza kutoboka, na hapo kila saa ina maana.

HAKI ZAKO

Una haki ya kuelezwa kipimo kwa lugha unayoielewa kabla ya kukubali. Ukiambiwa utapewa rangi, uliza maswali haya: Inaitwaje? Inaingia kwa njia gani? Itatoka mwilini baada ya muda gani? Nijikinge na nini? Je, haya ni matibabu ya kawaida au ni utafiti?

Swali la mwisho ni la muhimu. Katika Uganda utafiti kwa binadamu lazima upitishwe na kamati ya maadili na kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtafiti wa haki atakupa karatasi ya maelezo, atakuachia muda wa kufikiri, na hatakasirika ukikataa. Ukikataa utafiti, haki yako ya kutibiwa inabaki palepale. Kukubali au kukataa utafiti hakuhusiani na mgao wa chakula wala na faili la kuhamia nchi ya tatu. Anayekuambia vinginevyo anakudanganya.

Jambo la mwisho ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Wagonjwa wengine hukatwa kipande cha nyama, wanaishiwa nauli, wanarudi kwenye makazi, na majibu yanabaki kabatini hospitalini. Ugonjwa unaendelea kukua huku karatasi yenye jibu ikiwa Kampala. Kabla hujaondoka hospitalini, uliza majibu yatatoka tarehe gani na chumba gani. Andika namba ya faili lako mahali pawili. Mwachie jamaa yako wa Nateete nakala ya barua ya rufaa na ruhusa ya maandishi ya kukuchukulia majibu. Wewe ukifika makazini, mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji chako kwamba kuna majibu yanayosubiriwa. Na majibu yakija, yapeleke kwa daktari akusomee, usiyafunge sandukuni.

KUMBUKA

- Rangi inayowaka humwonyesha daktari mahali pa kutazama. Kipande cha nyama kilichopimwa maabara ndicho kinachosema ni ugonjwa gani.
- Kuwaka si lazima iwe saratani. Kutowaka si lazima uwe mzima.
- Usingoje taa ya ng'ambo. Kolonoskopi ya mwanga mweupe na maabara zinaokoa maisha sasa.
- Damu inayorudi katika choo inahitaji uchunguzi, si dawa ya minyoo kila mara.
- Fuatilia majibu yako mpaka yafike mkononi mwa daktari.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa zoni yake. Tafadhali msomee karatasi hii jirani yako asiyejua kusoma, kisha ipeleke kwa mwingine.